Posa na daftari

Nimeishi London miaka 19, na kila nikibadilisha treni stesheni ya Victoria humkumbuka Jack wa The Importance of Being Earnest, filamu ya mwaka 1952 iliyoongozwa na Anthony Asquith. Jack anamposa Gwendolen. Mama mtu, Lady Bracknell (Edith Evans anatisha kwelikweli), anatoa penseli na daftari. Unavuta sigara? Pato lako kiasi gani? Nyumba yako iko upande gani wa mtaa? Wazazi wako nani? Hapo Jack anakwama. Aliokotwa mchanga, ndani ya mkoba, kwenye chumba cha mizigo cha Victoria hiyohiyo. Posa ikakataliwa.

Mimi niliona sebule ya kwetu Tanga. Mwana wa nani? Mlango gani, yaani ukoo gani? Ila kwetu hahojiwi kijana, huulizwa wanaomjua. Alipoposwa dada yangu, ami alivaa kanzu akaenda kuswali msikiti wa mtaani kwa kina kijana, kisha akaingia dukani. Mwenye duka akafungua daftari la mikopo, akapitisha kidole kwenye jina la kijana: kila mwisho wa mwezi, deni limekatwa mstari. Ami akarudi nyumbani, akasema tupokee posa.

Huku siku hizi hakuna daftari. Mwaka juzi binti wa kaka yangu alituletea mchumba waliyejuana kwenye simu. Mpole, ana adabu, akaniita shangazi siku ya kwanza. Jack naye akiwa mjini hujiita Ernest, na watu hucheka. Wetu alikuwa na mke na watoto wawili mji mwingine, na jina alilotupa halikuwa lake. Binti alilala kwangu wiki tatu, chai inapoa mbele yake.

Najua kuulizia ukoo kumeumiza watu. Mtoto hakuchagua wazazi, na kumkataa Jack kwa ajili ya mkoba ni dhuluma, Tanga kama London. Mwishowe anagundulika ni mtoto wa ndugu yake Lady Bracknell, kwa hiyo yeye na Gwendolen ni binamu. (Kwetu Pwani wanaoana bila neno, bara wengi wangesema hao ni ndugu.) Lakini tabia ya mtu lazima iulizwe.

Sasa kuna kijana mwingine, wa Leicester. Shemeji ana rafiki anayeswali naye msikiti mmoja. Jumamosi nampigia.