Safari Ndefu Aifanye Mzazi

Barua ya uhamisho humweleza mtumishi wa umma kituo chake kipya, tarehe ya kuripoti na stahili zake za kufungasha mizigo, lakini haisemi lolote kuhusu mtoto wa darasa la tatu ambaye naye anahama bila kuandikiwa barua. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba Serikali yote itahamia Dodoma, na hivyo kuutoa kabatini uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, familia nyingi za Dar es Salaam zimelazimika kutafuta nyumba na shule kwa wakati mmoja katika mji ambao wengi walikuwa wakiupita tu kwa basi, wakishusha kioo kununua zabibu. Nimehama kwa njia hiyo, nimewasaidia ndugu na jamaa kuhama, na msimamo wangu ni kwamba wengi wetu tunaanza utafutaji huu kwa kushika mwisho badala ya mwanzo.

Tunaanza na ofisi. Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, kwa hiyo mtumishi anayehamia anamwambia dalali kwamba anataka nyumba ya upande huo, Nzuguni au Ihumwa, ili asubuhi asihangaike. Nyumba ikishapatikana na kodi ikishalipwa, ndipo anapoulizia shule, na kwa kuwa shule aliyosifiwa na wafanyakazi wenzake iko upande mwingine kabisa wa jiji, umbali ambao mzazi ameukwepa unahamishiwa kwa mtoto. Baba anaondoka nyumbani saa moja na nusu akiwa amekunywa chai kwa utulivu, ilhali mwanawe alikwishapanda basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika upepo ule wa Dodoma wa mwezi Juni ambao watu wa pwani hawaamini kuwa upo Tanzania mpaka uwapige usoni.

Mimi nasema mpangilio huo ugeuzwe. Ichaguliwe shule kwanza, kisha itafutwe nyumba ambayo kutoka hapo mtoto anaweza kwenda kwa miguu, au kwa safari moja fupi isiyomlazimu kubadilisha gari, na umbali wowote utakaobaki kati ya nyumba hiyo na ofisi aubebe mtu mzima. Katika mji uliopangwa kwa kutawanyika kama Dodoma, karibu kila familia ina mtu mmoja ambaye lazima asafiri mbali kila siku. Mtu mzima akisafiri dakika arobaini anaweza kusoma, kusinzia au kumaliza mazungumzo ya simu, na akichoka anafidia usingizi wake Jumamosi. Mtoto wa miaka saba hafidii kitu. Uchovu wake unaonekana darasani kipindi cha tatu, na mwalimu anauandika kwenye ripoti kwa jina la uvivu.

Umbali wa mtoto, isitoshe, haupimwi kwa kilomita zinazoonekana kwenye ramani ya simu. Basi la shule halinyooshi njia. Linaingia Kisasa, linazunguka Ilazo, linarudi Ipagala kumsubiri mtoto ambaye bado anatafuta soksi, kisha ndipo linaelekea shuleni. Mzazi anayeulizia usafiri wa shule huuliza bei na kuridhika, wakati swali lenye maana ni mtoto wake atapandishwa wa ngapi. Anayepandishwa wa kwanza asubuhi, kwa sababu anakaa mbali kuliko wenzake, mara nyingi ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni, na kwake njia ya nusu saa inageuka saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Mtu aliyezoea foleni za Mbagala au Kimara atacheka akiambiwa kwamba Nzuguni ni mbali na mjini, na kwa kipimo chake ana haki ya kucheka, lakini hatukuhama ili watoto waendelee kuishi kwa kipimo cha Mbagala.

Nyumba yenyewe ina mambo yake, na mengi hayaonekani siku ile dalali anapokuzungusha kwa pikipiki. La kwanza ni barabara kuu ya Dar es Salaam, ambayo inapita katikati ya maeneo yale yale tunayoyakimbilia. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanatumia njia hiyo usiku na mchana. Ikiwa nyumba iko upande mmoja wa barabara na shule iko upande wa pili, basi kwangu mimi shule hiyo si ya kwenda kwa miguu hata kama paa lake linaonekana kutoka kibarazani, labda pawe na kivuko chenye mtu wa kusimamisha magari asubuhi na mchana. La pili ni makorongo. Dodoma ni nchi kame, na mtu anayekuja kuangalia nyumba mwezi Agosti anaona vumbi tupu, lakini mvua za kati ya Desemba na Aprili zikishuka, zinashuka kwa nguvu, na korongo lililokuwa njia ya mkato ya wanafunzi linajaa maji ya kasi kwa saa kadhaa. Ukitembea pembeni mwake utaona mizizi iliyoachwa wazi na takataka zilizonasa kwenye matawi ya miba. Urefu wa takataka hizo kutoka ardhini unakuambia maji yalifika wapi. Hilo huwezi kulipata kwa dalali.

Maji ya bomba nayo yana mgao, na ratiba inatofautiana kati ya mtaa na mtaa. Muulize jirani maji yanatoka siku zipi, utazame kama nyumba ina tangi la kutosha, na kama luku, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia na mpangaji wa nyuma. Haya yanajulikana na kila mpangaji, kwa hiyo siyarefushi.

Kwenye shule ndiko ninakotofautiana zaidi na wazazi wenzangu. Kwa miaka mingi tulichagua shule kwa kusoma orodha ya shule kumi bora katika mitihani ya taifa, na tangu Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza orodha hiyo mwaka 2023, wapo wazazi wanaolalamika kwamba wamenyang'anywa taa. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi, na anayetaka kuyatazama atayakuta, ila inabidi ayasome kwa akili. Shule ambayo watahiniwa wake wote wa darasa la saba wamepata daraja A inavutia, lakini kabla hujavutika, uliza mwaka uliotangulia darasa la sita la shule hiyo lilikuwa na wanafunzi wangapi. Ikiwa walikuwa sitini na waliofanya mtihani ni thelathini na nane, basi sehemu ya ufaulu ule imetengenezwa getini, kwa kuwaambia wazazi wa watoto wanaosuasua kwamba "tunaona mtoto angefaa zaidi kwingine". Mtoto anayehama ana nafasi kubwa ya kuwa miongoni mwa hao wanaosuasua, angalau kwa muhula wa kwanza, kwa sababu ameacha marafiki, walimu na kila alichokizoea.

Badala ya orodha, ninaamini madaftari. Ukishapata nyumba mbili tatu unazozifikiria, zungumza na mama au baba mmoja wa mtaa huo mwenye mtoto katika shule unayoilenga, umwombe kwa heshima akuonyeshe daftari la Hisabati la mtoto wake. Tazama kama kazi zimesahihishwa, kama pale mtoto alipokosea mwalimu ameandika neno au amechora mkasi tu, na kama masahihisho yamefanywa kisha yakapitiwa tena. Tazama pia tarehe: daftari lenye kazi mbili kwa mwezi mzima linasema jambo ambalo mwalimu mkuu hatakuambia ofisini, na daftari lenye alama za vema kila ukurasa, hata mahali ambapo jibu si sahihi, linasema jambo baya zaidi. Ikiwezekana uyaone madaftari ya watoto wawili wa darasa moja, mmoja anayesifiwa na mwingine asiyesifiwa, kwa sababu shule nzuri inajulikana kwa daftari la huyo wa pili.

Baada ya hapo nenda shuleni kwenyewe, na usiende siku ya mahafali. Miongozo yetu inataka darasa la msingi lisizidi wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi za umma hazijafika hapo, na sipendekezi mtu azikatae kwa sababu hiyo peke yake, lakini tofauti kati ya shule yenye watoto sitini darasani na ile yenye mia na ishirini ni kubwa, na inaweza kukutwa kati ya shule mbili za kata jirani. Omba kuingia chooni. Mwalimu mkuu anayekuruhusu bila kusitasita ni mtu wa kufanya naye kazi.

Kuhusu shule ya umma au ya binafsi, sina ugomvi na yeyote. Elimu bila ada ipo tangu Januari 2016 kwa shule ya msingi hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka 2022 imefika kidato cha sita, japo mzazi bado anachangia chakula na mengine yanayokubaliwa kwenye kikao cha wazazi. Ninachosisitiza ni lugha. Mtoto aliyesoma Sayansi na Hisabati kwa Kiingereza mpaka darasa la nne, kisha akahamishiwa shule inayofundisha kwa Kiswahili kwa sababu gharama za kuhama zimekomba akiba, au yule aliyefanya safari ya kinyume chake, anabeba mzigo wa pili juu ya mzigo wa kuhama. Kama mabadiliko ya lugha hayakwepeki, yafanyike katika madarasa ya chini. Kama yanakwepeka, afadhali nyumba iwe ndogo zaidi na lugha ya darasani ibaki ile ile.

Kalenda ya mitihani nayo ina sheria zake. Mwanafunzi wa darasa la nne na wa kidato cha pili ana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na yule wa darasa la kumalizia au kidato cha nne akishasajiliwa kuwa mtahiniwa, kumhamisha kunakuwa kazi nzito. Uhamisho wenyewe unawapitia wakuu wa shule zote mbili na ofisi za elimu za halmashauri, na namba ya usajili ya mtoto lazima imfuate. Mzazi anayeondoka Dar es Salaam bila kukamilisha hayo atarudi kuyakamilisha kwa nauli yake. Zaidi ya hapo, kwa utaratibu mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba, mwaka 2027 wanatarajiwa kuhitimu kwa pamoja wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba, ambao wote watahitaji nafasi za kidato cha kwanza mwaka 2028. Kwa kawaida mtoto anayepangiwa shule ya kutwa hupangiwa ile inayohudumia eneo alikomalizia msingi, kwa hiyo mwenye mtoto wa rika hilo anayechagua mtaa leo anachagua pia sekondari, na inampasa aitembelee sekondari ya kata kabla hajatoa pesa ya kodi.

Kuna familia ambazo kanuni yangu haiwafai. Ikiwa baba na mama wote wanafanya kazi Mtumba na hakuna shangazi wala bibi nyumbani wa kukimbia shuleni mtoto akipata homa, ni busara zaidi kutafuta shule ya upande wa ofisi na kumbeba mtoto katika gari lile lile, kwa sababu safari ndefu anayoifanya mtoto akiwa na mzazi wake, wakizungumza au hata wakinyamaza, si sawa na safari ile ile anayoifanya peke yake miongoni mwa watoto arobaini wenye usingizi. Bweni kwa mdogo si jibu, na tangu mwaka 2023 waraka wa elimu umezuia watoto wa awali mpaka darasa la nne kulazwa bwenini. Wapo waliolia kwamba waraka huo umewabana wazazi wanaohamahama. Nadhani umewabana mahali panapostahili.

Wenye nyumba wengi wa Dodoma wanataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake, kwa hiyo kukosea mtaa ni jambo la gharama. Ninachowashauri wanaoniuliza ni kukataa kwa upole mkataba wa mwaka mzima na kuomba wa miezi sita unaoanza Desemba, baada ya shule kufungwa, ili umalizike wakati wa likizo ya Juni. Katika miezi hiyo mtakuwa mmepitia mvua zote, mmeijua njia ya shule ikiwa na matope na ikiwa na vumbi, na mmefahamiana na mwenyekiti wa mtaa na majirani wenye watoto wa rika moja na wenu. Mkiona hapafai, mnahama katikati ya mwaka bila kukatisha muhula, na mkitafuta ndani ya kata ile ile, mtoto anabadilisha kitanda tu na kuendelea na dawati lake.