Picha Nane Hazitoshi Kuuchora Mwezi

Programu nyingi zinazoonyesha mwezi kwenye terminali, yaani dirisha la kompyuta lenye maandishi matupu, huhesabu siku zilizopita tangu tarehe fulani, hugawanya kwa urefu wa mwezi mmoja, kisha huchagua picha moja kati ya nane. Nimeziandika programu za namna hiyo mimi mwenyewe, na kwa muda mrefu nilizitetea kwa hoja kwamba huo ni mchezo tu, na kwamba hakuna mtu atakayesafiri baharini kwa kuutegemea mwezi uliochorwa kwa alama za @. Siku hizi siitetei tena hoja hiyo. Mwezi ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo kompyuta inaweza kuvionyesha na mtu akatoka nje papo hapo kuhakikisha kama ameambiwa kweli, na kazi ya kuuchora sawasawa haizidi mistari hamsini ya msimbo.

Nianze na hizo picha nane. Mfumo wa Unicode, unaozipa namba herufi na alama za kompyuta, una alama nane za sura za mwezi, kuanzia U+1F311 hadi U+1F318, zilizoingizwa katika toleo la 6.0 mwaka 2010. Mwezi mmoja una wastani wa siku 29.53, kwa hiyo kila picha inabeba siku 3.7 hivi. Maana yake ni kwamba picha ya mwezi mpevu inakaa kwenye skrini hata pale ambapo sehemu iliyoangazwa ni asilimia 96 tu, jambo linalovumilika, lakini picha ya nusu mwezi inatumika kuanzia asilimia 31 hadi asilimia 69. Mtu akiutazama mwezi wa asilimia 31 angani hawezi kuuita nusu. Ni kipande kilichopinda kama ukucha mnene. Mchezo wa zamani wa terminali uitwao NetHack nao hugawa mwezi katika hatua nane, na mchezaji huongezewa bahati mwezi ukiwa mpevu. Huko hatua nane zinatosha kabisa, kwa sababu bahati haina umbo la kuchorwa.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu halionekani. Anayehesabu siku huanza na tarehe inayojulikana, na wengi hutumia muungano wa jua na mwezi (mwezi ukiwa upande mmoja na jua) uliotokea tarehe 6 Januari 2000, saa 18:14 UTC, yaani saa ya kimataifa. Anayetumia siku 29.5 badala ya 29.530589 anajichimbia shimo taratibu: tofauti ni kama dakika 44 kwa kila mwezi, na hadi kufikia Septemba 2025 inakuwa zaidi ya siku tisa na nusu, kiasi kwamba mwezi mpevu unachorwa ukiwa umeshapita robo, yaani hatua ya nusu mwezi. Hilo ni rahisi kulirekebisha kwa kuongeza desimali. Lakini hata desimali zikiwa zote zimekamilika, mwezi wenyewe haufuati wastani.

Kupatwa kwa mwezi ni shahidi mzuri wa jambo hili, kwa kuwa hutokea mwezi ukiwa mpevu tu. Chukua kupatwa kwa tarehe 21 Januari 2000, ambapo mwezi ulikuwa mpevu kama saa 04:40 UTC. Ukianza na muungano wa tarehe 6 na kuongeza nusu ya 29.530589, unapata tarehe 21 saa 12:36, yaani karibu saa nane baadaye, wakati kivuli cha dunia kilikuwa kimeshaondoka usoni mwa mwezi. Hizo ni wiki mbili tu tangu tarehe ya kuanzia. Sasa tumia hesabu hiyohiyo kwa kupatwa kwa tarehe 7 Septemba 2025, ambapo mwezi ulifikia upevu saa 18:09 UTC. Hesabu inatoa saa 17:19. Baada ya miaka zaidi ya 25, kosa ni chini ya saa moja! Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa kuwa tunaijaribu programu yetu kwa tarehe moja au mbili, tunaikuta imepatia, tunafunga faili na kwenda kulala. Kosa la namna hii haliongezeki kadiri muda unavyokwenda. Linayumba, leo limezidi, mwezi ujao limepungua, na wakati mwingine linapita zaidi ya saa 12.

Sababu yake ni kwamba njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Ukiwa karibu, kwenye kilomita 363,000 hivi kwa wastani, mwezi huenda kasi. Ukiwa mbali, kwenye kilomita 405,000 hivi, hujikokota. Dunia nayo haiendi kwa kasi moja kulizunguka jua, na jua lenyewe linauvuta mwezi huku na huko. Dawa ni kuacha kuhesabu siku na kukokotoa pembe kati ya jua na mwezi, kwa kuanza na pembe ya wastani na kuiongezea masahihisho. Sahihisho kubwa kuliko yote linafikia digrii 6.289, linalofuata digrii 2.1, kisha 1.274, kisha 0.658. Yako mengine mengi, na wanaastronomia wanaohitaji usahihi wa hali ya juu hutumia mamia ya vipengele, lakini mchoraji wa terminali anaweza kuishia kwenye hayo manne bila aibu yoyote.

Nasema bila aibu kwa sababu mchoro wenyewe unatuambia tunahitaji usahihi kiasi gani, na hili ndilo jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Tuseme duara lako lina upana wa safuwima 40, yaani 20 kila upande wa kitovu. Kwa siku moja, mwezi hujitenga na jua kwa takriban digrii 12.2. Ukiwa kwenye robo, siku hiyo moja inausogeza mpaka wa mwanga na giza kwa safuwima nne hivi katikati ya duara, ambazo jicho linaziona bila shida. Ukiwa karibu na upevu, siku hiyohiyo inausogeza mpaka kwa chini ya nusu safuwima, na hakuna mwanadamu atakayetambua tofauti. Kwa hiyo, kwenye robo, safuwima moja ni sawa na digrii 2.9, au karibu saa sita. Kosa la saa 12 la mhesabu siku linaonekana kwenye skrini kama safuwima mbili zilizopungua au kuzidi. Masahihisho manne yakishatumika, yaliyobaki hata yakijumlishwa hayafikii safuwima moja, na kuyakokotoa ni sawa na kupima uzi kwa darubini kisha ukaukata kwa panga.

Tuje kwenye mchoro. Mpaka kati ya mwanga na giza ni nusu ya duaradufu, na watu wengi hukosea kwa kuuchora kama kipande cha duara jingine lililosogezwa pembeni, kosa ambalo hutoa mwezi wa kwenye bendera na nembo. Kwa kila mstari, tafuta nusu ya upana wa duara katika kimo hicho, izidishe kwa kosaini ya pembe ya jua na mwezi, na hapo ndipo mwanga unapoanzia. Pembe ikiwa digrii 60, kosaini yake ni 0.5, na mwezi unaokua unatoka hivi:

```
     .......@@@
   ...........@@@
 ..............@@@@
...............@@@@@
...............@@@@@
...............@@@@@
 ..............@@@@
   ...........@@@
     .......@@@
```

Kanuni hii ina tunda moja ambalo lilinifurahisha nilipoligundua. Sehemu ya mwezi iliyoangazwa ni moja toa kosaini ya pembe, gawanya kwa mbili, ambayo hapa ni asilimia 25. Na kila mstari wa mchoro nao unaangazwa kwa kiwango hichohicho, uwe ni ule mrefu wa katikati au ule mfupi wa juu kabisa. Kwa hiyo mchoro unaweza kukaguliwa kwa kidole. Mstari wa katikati una alama 20, na tano kati yake ni @. Ukihesabu mchoro mzima utapata @ 35 kati ya alama 144, yaani asilimia 24.3, na upungufu huo mdogo umetokana na kuzungusha namba ili mwanga usianzie katikati ya herufi. Siku hizi programu yangu hujihesabia yenyewe kila inapochora, na tofauti ikizidi asilimia mbili najua nimevuruga kitu.

Utaona pia kwamba mchoro una safuwima 20 lakini mistari tisa tu. Kisanduku cha herufi kwenye terminali huwa na kimo kinachokaribia mara mbili ya upana wake, na asiyelizingatia hilo hupata yai lililosimama. Anayetaka mpaka laini zaidi anaweza kutumia alama za Breli za Unicode, ambazo kila moja ina nukta nane, mbili kwa upana na nne kwa kimo, na hivyo safuwima 40 zinakuwa nukta 80. Nimezijaribu, zinapendeza, ila kwenye baadhi ya fonti nukta huachana na mwezi unaonekana kama umetobolewa na nondo, ndiyo maana nimerudi kwenye @ zangu. Emoji ndizo nilizoziacha kabisa, kwa kuwa terminali hazikubaliani kama emoji inachukua kisanduku kimoja au viwili, na mstari mmoja ukisukumwa tu mchoro wote unapinda.

Jambo dogo linalosahaulika ni rangi ya usuli. Alama ya @ huonekana kama mwanga pale tu ambapo maandishi ni meupe juu ya weusi. Mwenye terminali nyeupe anaona kinyume chake, wino mzito mahali penye mwanga, na mwezi wake mchanga unageuka kuwa mwezi unaokaribia kupevuka. Ni afadhali programu iweke rangi zake yenyewe, usuli na maandishi, kuliko kubahatisha.

Halafu kuna swali la upande. Picha za Unicode zinaonyesha mwezi unaokua ukiwa umeangazwa kulia, jinsi unavyoonekana na mtu aliye mbali kaskazini mwa ikweta. Aliye mbali kusini anauona umeangazwa kushoto, na aliye karibu na ikweta anauona jioni umelala kama mtumbwi, ncha zote mbili zikielekea juu. Hapa usahihi wa pembe hausaidii kitu. Mchoro uliokokotolewa kwa makini kabisa bado utakuwa mgeni kwa anayechungulia dirishani. Kuuzungusha mwezi ipasavyo kunahitaji mahali alipo mtu na saa ya kutazama, lakini sehemu ya kuchora yenyewe ni nyepesi, kwani unazungusha nukta za duara kabla ya kuuliza kama ziko kwenye mwanga au giza. Nadhani programu isiyotaka kufanya hivyo ingepaswa angalau kuandika chini ya picha kwamba huo ni mwezi wa kaskazini.

Saa nazo zina mitego yake. Muungano hutokea kwa wakati mmoja kwa dunia nzima, kwa hiyo hesabu yote lazima ifanywe kwa UTC. Mimi nilisoma saa ya mashine jinsi ilivyo, na kwa wiki kadhaa kompyuta yangu na seva ya mbali ziliniambia asilimia tofauti kwa wakati mmoja. Kutafuta kosa hilo kulichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa sababu ya Kiswahili chenyewe: nilikuwa na kigeu (jina linalobeba thamani kwenye msimbo) kilichoitwa "mwezi" kwa maana ya Januari au Februari, na kingine kilichoitwa "mwezi" kwa maana ya kile kilichoko angani, katika faili mbili zinazoitana.

Kiswahili kilinitega tena kwenye majina. Nilipotafsiri maandishi ya programu, niliandika "mwezi mwandamo" pale ambapo pembe ni sifuri, nikidhani nimefanya kazi nzuri. Lakini mwezi huandama unapoonekana. Wakati wa muungano upande ulioangazwa umetupa kisogo, mwezi uko upande mmoja na jua, na hakuna cha kuona. Kwa macho matupu hilali huonekana mara nyingi baada ya siku moja au zaidi, na siku moja baada ya muungano sehemu iliyoangazwa ni kama asilimia moja tu. Lugha yetu iliweka jina kwenye tukio la jicho, na hesabu inaweka sifuri kwenye tukio la pembe, kwa hiyo haifai kubandika la kwanza juu ya la pili. Sasa programu yangu ikifika sifuri huandika "mwezi hauonekani", huchora duara la nukta tupu, na neno "mwandamo" halitokei hadi mchoro uwe na angalau @ moja ya kuonyesha.