Kihispania hakihitaji kupitia kwa Mwingereza

Karibu kila Mtanzania anayejiandaa kuja Hispania, au aliyeshuka juzi, ananitumia picha ileile: orodha ya vivumishi vya Kihispania kwa safu mbili. Kushoto bonito, grande, caro, barato. Kulia maana zake kwa Kiingereza. Anauliza kama akiikariri yote itamtosha kuanzia maisha. Jibu langu ni moja na wengi hawalipendi: safu ya kulia ifute, uandike Kiswahili.

Sisemi hivyo kwa uzalendo. Ni suala la njia fupi. Shule zetu zilitufundisha kwamba chochote cha Kizungu lazima kiingie kwa mlango wa Kiingereza. Hadi darasa la saba unahesabu kwa Kiswahili, ukivuka kidato cha kwanza sayansi na hisabati vinageuka Kiingereza, na kuanzia hapo Kiswahili kinabaki cha nyumbani na cha utani. Tunapanda ndege na tabia hiyo. Tukifika Madrid tunatafsiri mara mbili, Kihispania kwenda Kiingereza kisha Kiingereza kwenda Kiswahili, na kila kituo kinatoza ushuru wake.

Chukua kivumishi chenyewe. Mtoto mzuri, watoto wazuri. Niño bonito, niños bonitos. Casa bonita, casas bonitas. Kivumishi kinakaa nyuma ya nomino na kinaifuata kwa umoja na wingi, kama kwetu. Kwa Mwingereza hii ni habari mpya kabisa, maana kivumishi chake kinatangulia na hakibadiliki hata dunia ipinduke. Ndiyo maana vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake vinatumia kurasa nzima kumbembeleza akubali jambo ambalo sisi tulilijua kabla ya kuanza shule. Mtu aliyekulia na M-WA, KI-VI, LI-YA na U-ZI ukimwambia Kihispania kina makundi mawili tu, la kiume na la kike, atakuuliza mengine yako wapi.

Hata vivumishi vikaidi tunavyo. Sisi tunasema nyumba safi, watu safi, kazi rahisi, maswali rahisi, bila kubadilisha kitu. Wao wana grande, verde, fácil na feliz, visivyojali kiume wala kike ila vinakubali wingi: grandes, verdes, fáciles, felices. Na vipo vichache vinavyotangulia nomino na kubadilisha maana. Hombre pobre ni mtu maskini, hana kitu. Pobre hombre ni ile "maskini, mtoto wa watu" ya bibi yako anapomhurumia mtu, hata kama mtu huyo ana magari matatu. Ukiufikiria kwa Kiswahili mpangilio huu unajieleza wenyewe.

Neno moja la Kiingereza linaweza kukuharibia siku nzima. Kwenye zile orodha utakuta caliente mbele yake pana "hot", basi. Lakini sisi tuna chai ya moto, pilipili kali, na joto la Dar mwezi wa pili, vitu vitatu tofauti. Wahispania nao wana vitatu: café caliente, salsa picante, na hace calor. Anayepitia Kiingereza, akitoka jasho kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, mwezi wa saba, atasema "estoy caliente", na abiria wenzake watatazamana, kwa sababu hapo ametangaza kwamba ana nyege. Anayepitia Kiswahili atajiuliza: kwetu joto unakuwa au unalisikia? Unalisikia. Atajua mapema kwamba njia ya Kiingereza haipo, na atatafuta "tengo calor".

Hiyo "tengo" ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Maana yake ni "nina". Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo ganas, nina hamu. Tengo suerte, nina bahati. Tengo treinta años, nina miaka thelathini. Kiingereza kwenye karibu yote haya kinatumia kivumishi au kitenzi chake cha kuwa, kwa hiyo mwanafunzi wake analazimika kubomoa kisha ajenge upya. Wewe huna cha kubomoa.

Kisha kuna kisa cha ser na estar, vitenzi viwili vya kuwa, kinachowatoa watu machozi madarasani. Kanuni wanayopewa ni kwamba ser ni kwa mambo ya kudumu na estar ni kwa mambo ya kupita. Kanuni hiyo inakufa siku ya kwanza unapokutana na "está muerto". Kama kufa si jambo la kudumu, lipi litadumu? Mimi nawaambia Waswahili wenzangu watumie kanuni nyingine: pale ambapo Kiswahili kinaweka "ni", jaribu ser. Pale kinapoweka "yuko" au ile "-me-" ya hali, jaribu estar. Está en casa, yuko nyumbani. Está cansado, amechoka. Está sentada, amekaa. Está dormido, amelala. Está lleno, kimejaa. Está roto, kimevunjika. Está maduro, limeiva. Está muerto, amekufa. Haishiki kila mahali (sherehe, kwa mfano, mahali pake husemwa kwa ser), lakini inashika kuliko ile ya darasani, na haikuombi uwe mwanafalsafa kila unapotaka kusema mlango umefungwa.

Kivumishi kilekile kikihama kutoka kitenzi kimoja kwenda kingine, kinabadilika. Ser listo ni kuwa mwerevu, estar listo ni kuwa tayari. Ser rico ni kuwa tajiri, estar rico ni sifa ya chakula kitamu. Ser bueno ni kuwa mwema. Estar bueno, kwa binadamu, ni kumsifia umbo lake kwa tamaa, kwa hiyo ukitaka kusema mwalimu wako ni mtu mwema, shika ser kwa mikono miwili.

Kuna kimoja ambacho Mwafrika hapa atakutana nacho apende asipende: moreno. Ser moreno ni kuwa na nywele nyeusi au ngozi ya kahawia. Estar moreno ni ngozi iliyokolea jua, na hiyo ni sifa. Watu wakirudi mwezi wa tisa kutoka pwani wanapokeana kwa "¡qué moreno estás!", na anayeambiwa anatabasamu. Halafu mchana huohuo, wakitaka kumtaja kijana wa Kiafrika anayebeba mizigo, watasema "el moreno", kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuamini kwamba wamekwepa neno negro, yaani mweusi, kwa heshima. Yaani rangi ni ileile: ukiinunua kwa likizo ni sifa, ukizaliwa nayo inazungukwazungukwa. Nyumbani tunasema "yule mweusi mrefu" au "yule maji ya kunde" na hakuna anayeshtuka, tunaonyeshana mtu tu. Mimi afadhali niitwe negro kwa sauti ya kawaida, kama kivumishi kinachoeleza, kuliko moreno ya huruma. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo, na wana sababu zao, kwa kuwa negro hiyohiyo ikitupwa mtaani na mtu mwenye hasira haiwi kivumishi tena.

Sokoni ndipo tofauti ya kwetu na huku inaponichekesha. Nyumbani muuzaji asiyekujua anakuita kwa undugu: karibu dada, njoo mama, vipi kaka, mjomba chukua hii. Huku anakuita kwa sifa: dime, guapa, yaani niambie, mrembo. ¿Qué te pongo, guapo? Nikupe nini, mtanashati? Au cariño, mpenzi, kutoka kwa mama mwenye kisu cha samaki mkononi. Mgeni akidhani anatongozwa ataaibika bure. Guapo pale sokoni haihusu uzuri wako hata kidogo, kama "mjomba" isivyohusu ndugu wa mama yako. Lakini siwezi kusema ni kitu kimoja. Undugu unakupa wajibu, ukiitwa mjomba unaona haya kupunguziwa bei kupita kiasi. Sifa haikudai chochote, unalipa unaondoka.

Na hili la heshima sijalizoea. Kitabuni nilisoma usted kwa wakubwa na tú kwa marika. Hapa Madrid kijana wa duka la mikate anamwambia mzee wa watu "tú" bila kupepesa, na mzee hana neno. Watu wa Colombia tunaofanya nao kazi ndio wanaotumia usted sana, na nikiwasikia roho yangu inatulia. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo akiambiwa amwite mama wa miaka themanini "wewe" kama anamwita mwenzake wa kucheza mpira, ulimi unagoma. Mimi nimebaki na usted yangu. Wananiambia sina haja nayo. Ninayo.

Maneno mengine ya kila siku hayakai vizuri kwenye orodha yoyote. Majo ni mtu wa kupendeza kuwa naye, na ukiitwa hivyo umekubalika. Pesado ni mzito, ila kwa tabia si "mzito" wetu wa kusitasita, ni mtu anayekuganda na kukuchosha. Hapo Kiswahili kinakudanganya, nakiri. Soso kinakulipa: ni chakula chapwa, na pia mtu aliyepooza. Mitego mingine ni ya Kiingereza peke yake. Largo ni ndefu, si kubwa. Constipado ni mwenye mafua, wala hana shida chooni. Embarazada ni mjamzito, haoni aibu yoyote. Asiyebeba Kiingereza kichwani anapita juu ya mitego hii bila kujua ilikuwepo.

Tena tuna urithi wa pamoja ambao Mwingereza hana habari nao. Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania, walipita pwani yetu na kutuachia meza, bendera, mvinyo na padri. Huku ni mesa, bandera, vino na padre. Wacheza karata watacheka zaidi: kopa, uru na shupaza zetu ni ndugu wa copas, oros na espadas zinazopigwa mezani kwenye baa za wazee hapa. Waarabu nao walipita kote kuwili. Hapa utawala wa Kiislamu ulianza mwaka 711 na Granada ilianguka 1492, wakaacha azúcar na aceituna, sukari na zeituni. Ninalolipenda kuliko yote ni mezquino. Ni neno letu maskini, asili ni moja, ila safarini limegeuka na siku hizi linamaanisha mtu bahili mwenye roho ndogo. Angalia tu pera: kwetu ni tunda la mpera, huku ni pea, tunda jingine kabisa.

Matamshi sina haja ya kuyarefusha. Irabu tano, a e i o u, zinasomwa kama zilivyoandikwa, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi yako ni rr na kuinyamazisha h.

Wanaobaki na Kiingereza wananijibu kwamba ndiyo lugha ya dunia. Labda, lakini si ya hapa. Mwaka 1941 utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, uliamuru filamu za kigeni ziingizwe sauti za Kihispania, na ingawa amri ilikufa zamani, desturi ilibaki. Hadi leo shujaa wa Marekani kwenye televisheni anaongea kama mtu wa Madrid. Daktari alisomea udaktari kwa Kihispania, mhandisi vivyo hivyo, na hakuna anayewaona hawakusoma kwa sababu Kiingereza chao ni cha kuokoteza. Nikifikiria kwetu, ambako kijana anayejua fizikia lakini anakwama kwenye Kiingereza anaitwa mbumbumbu, huwa nawaonea wivu, na nadhani ni wivu wa haki. Vibanda umiza vyetu, ambako mtu anaitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili papo kwa papo, viliielewa kazi hii kuliko wizara.

Kwa anayefikiria kukaa: ukitaka uraia utafanya mtihani wa lugha wa DELE ngazi ya A2, na mwingine wa katiba na jamii uitwao CCSE, maswali 25, unahitaji kupata 15. Yote iko chini ya Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha yao, na kwa Kihispania. Anayetoka Guinea ya Ikweta, Waafrika wenzetu waliotawaliwa na Hispania, anaomba baada ya kuishi hapa kihalali miaka 2. Mtanzania au Mkenya kwa kawaida anasubiri 10. Safu ya kulia utakuwa umeshaijaza.