Nilivyoongoza Msako wa Kujikamata

Haya, acheni kunitumia vile vikatuni vya kucheka. Najua nani amewasimulia kisa changu cha intaneti, na najua kaongeza chumvi. Sikulia, lile lilikuwa jasho. Na shati nilivaa, mwulizeni vizuri.

Mnaojua ninapopanga mnajua mambo yalivyo: intaneti ni moja kwa jengo zima, kila chumba kina waya wake ukutani, hela yake imo ndani ya kodi. Nikachoka kukaa na laptopu nimeganda ukutani kama mjusi. Nikaenda Kariakoo kununua ruta, kile kiboksi cha kurusha waifai. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, utaiunga mwenyewe au nikupe kijana?" Kijana! Mimi niliyemtengenezea shangazi simu kwa kuizima na kuiwasha!

Nyuma ya ruta kuna matundu. Manne ya njano yamejipanga, na moja la bluu limejitenga pembeni. Nikasema wengi wape, waya wa ukutani nikauchomeka kwenye njano. (Mafundi mlioko humu, nawaona mnavyoshika vichwa. Tulieni.)

Na ikakubali! Simu ikashika, video zinateleza. Ikabaki kuipa jina waifai yangu. Nikijua majirani wataliona kwenye simu zao, nikaandika MASKINI MSIGUSE, nikacheka peke yangu chumbani. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio nikaiacha vilevile ilivyotoka dukani, admin kwa admin. Nani ataijua?

Jioni watu wakarudi kazini, na ilikuwa siku ya dabi, Simba na Yanga. Sasa kumbe simu ikiingia kwenye mtandao, kwanza inaomba anwani, yaani namba yake ya kutambulika humo, na inachukua ya yule aliyewahi kuijibu. Ruta ya jengo iko chini kwa mlinzi. Ya kwangu, kwa vile waya ulikaa tundu lisilo lake, nayo ikaanza kugawa anwani jengo zima, tena kwa haraka na ukarimu mkubwa, ikiwaambia wote kwamba njia ya kwenda intaneti inapita kwangu. Haikupita. Wenye simu, wenye televisheni, mmoja baada ya mwingine wakabaki na kile kiduara kinazunguka. Hata mimi.

Sikilizeni sasa nilichofanya. Niliingia kwenye grupu la wapangaji nikaandika kwa herufi kubwa: TUNALIPA HELA, HATUOMBI MSAADA. Vidole gumba vikamiminika. Utamu ukanipanda kichwani, nikashuka ngazi na kundi zima nyuma yangu hadi kwa Mama mwenye nyumba, na ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyesema, "Mama, shikamoo. Kwa heshima yako, huyo fundi wako ni tapeli."

Fundi akaitwa. Kijana mpole, hana maneno. Akachomeka laptopu yake, akatazama, akasema, "Ruta yetu ni 192.168.1.1. Hii inayojibu ni 192.168.0.1. Humu ndani kuna mtu kaweka ya kwake."

Akaziandika zile namba, ukurasa ukafunguka. Admin. Admin. Akaingia.

Tumbo langu likaelewa kabla ya kichwa.

"Inaitwa..." akasogeza uso karibu na kioo. "Maskini... msiguse."

Kimya. Halafu dada wa chumba cha chini akapiga kofi la paja. "Ndo huyo! Tangu mchana naiona, najiuliza nani huyo anatuita maskini!"

Fundi akasema anaweza kuinyamazisha palepale alipokaa, yaishe, watu wawahi kipindi cha pili. Mama mwenye nyumba akakataa. "Hapana. Nataka nimwone sura."

Basi fundi akafungua kwenye simu yake programu ya kupima mawimbi. Inasoma kwa hasi: hasi 80 uko mbali, hasi 30 umeikanyaga. Tukapanda. Nasema tukapanda kwa sababu nami nilikuwemo, ningebaki chini ningeonekanaje? Ghorofa ya kwanza, hasi 75. "Itakuwa kwa yule mzee wa mwisho," nikanong'ona. Mungu anisamehe, mzee wa watu ana simu ya tochi. Ya pili, hasi 60. Hatua mbili, hasi 58. Hakuna anayeongea. Zinasikika ndala tu, na baa ya jirani ikilipuka kwa goli ambalo hakuna kati yetu aliyeliona. Goli lile nalo nikajua litaandikwa kwenye hesabu yangu. Ya tatu, hasi 47. Fundi akakata kulia. Kulia kuna milango miwili, mmoja ni stoo ya ndoo na mafagio. Nikaiombea stoo dua. Hasi 36. Akasimama. Ruta nilikuwa nimeiweka sakafuni, na chini ya mlango vitaa vya kijani vilikuwa vinapepesa, vinapepesa, vina furaha zao.

Mama mwenye nyumba akageuka. Hakuniangalia usoni. Aliangalia funguo zilizokuwa zinagongana mkononi mwangu.

Mengine mafupi. Waya ukahamia kwenye bluu, jengo likapona. Jina jipya la waifai kalichagua Mama mwenyewe na silitaji hapa. Soda nimenunua, hadi ya mlinzi. Ule ujumbe wangu wa herufi kubwa sasa ndiyo picha ya grupu.

Jana usiku umeme ukakatika mtaa mzima, giza hadi barabarani. Simu ikaita.

"Mwanangu, umegusa nini?"

"Mama, ni umeme. Mtaa wote hauna."

"Najua ni umeme. Nakuuliza umegusa nini."