Shamba Lililooshwa kwa Ndimu

Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka kwetu Lubumbashi, zinki huchimbwa kwa tani. Yangu mimi ilikuwa kwenye kikaratasi, mfukoni mwa shati: gramu 0.74 za nitrati ya zinki, na kikaratasi cha pili chenye gramu 0.35 za heksamini. Nilitoka nazo maabara mpaka nyumbani, mtaa wa Katuba, nimeshika mfuko kama mtu aliyebeba mshahara wa mwezi.

Sababu ni umeme. Ulikuwa umekatika siku tatu, na Prof alitaka kuona kitu Ijumaa. Kazi yenyewe haina makuu: unayeyusha vikaratasi viwili hivyo katika mililita 100 za maji safi, unazamisha vioo vyembamba vilivyokwisha kupakwa mbegu za oksidi ya zinki, unaweka nyuzi 90 kwa saa tatu. Fuwele za oksidi hiyo zinajiotea zenyewe, zimesimama kama mahindi, kila bua nguzo ya pembe sita. Shida ya shamba hili ni udogo tu. Mabua 800 ukiyalaza ubavu kwa ubavu, ndipo unapata unene wa unywele mmoja.

Nyuzi 90, nikajiambia, hata mbabula, jiko letu la makaa, inazifikisha. Nikachukua sufuria ya bukari, yaani ugali, ya mama mukubwa, ninayeishi kwake, nikaijaza maji, nikatumbukiza ndani chupa ya jamu yenye dawa zangu. Vioo vinne viliegemea humo, upande wa mbegu ukitazama chini ili masimbi, ule unga unaotuama chini ya chupa, yasiviangukie. Nikakaa na kipimajoto, natoa kaa moja, narudisha kaa moja, kama mke mpya anayepikia wakwe.

Sasa, heksamini ikipata moto inaachia amonia na formaldehidi, hiyo hiyo ya formalini wanayohifadhia maiti. Na kifuniko changu hakikuziba. Saa nne usiku jirani akachungulia juu ya ukuta, kitambaa kichwani, sauti ya chini.

"Papa, poleni sana. Ni nani amekufa?"

"Hapana mama, ni zinki."

Akanyamaza kidogo. "Wa upande wa mama ao wa baba?"

Saa sita nikavitoa, nikavisuuza, nikavipanga kwenye sahani dirishani vikauke. Vilikuwa na ukungu mweupe mwepesi, kama kioo ulichokihemea. Nikalala usingizi wa tajiri.

Asubuhi vinameremeta! Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajisifu kwamba safari hii zimeota nyembamba hata mwanga unapita bila kupiga hodi. Nikavifunga kwenye karatasi laini, nikapanda basi.

Tulikuwa tunazipima kwa jua. Oksidi ya zinki ikipigwa na jua huvunja rangi, kwa hiyo unatia kioo chako kwenye glasi ya maji yenye bluu ya methileni kidogo, pembeni unaweka glasi nyingine yenye kioo kitupu, unangoja barazani. Prof alikuja na wanafunzi wanne. Nikatoa hotuba. Ikapita saa moja. Zikapita mbili. Glasi zote bluu, kama sketi ya shule siku ya kufungua. Prof akaziinua moja moja.

"Kioo chako ni kipi hapa?"

Hata mimi nilikuwa nimeshapoteana nazo. Nikajitenga, nikapiga simu nyumbani.

"Mama mukubwa, vile vioo vyangu dirishani, kuna mtu alivigusa?"

"Ah papa, miye njo nilibiosha! Bilikuwa na bukungu. Nikasugua na jivu na ndimu. Sasa biko bizuri, hapana?"

Jivu peke yake pengine lingeniachia mabua mawili matatu. Lakini ndimu ni asidi, na oksidi ya zinki mbele ya asidi haijui kukataa. Shamba zima lilikuwa limeenda na maji ya vyombo.

"Lakini ile unga yako ya mu chupa sikuitupa," akaendelea, kwa fahari. "Niliianika pa kisahani. Iko mweupe muzuri."

Masimbi! Kile nilichogeuza vioo chini ili kukikwepa. Nikamtuma binamu akailete mbio. Prof akatia ncha ya kijiko kwenye bluu mpya, akakoroga, akaweka juani. Bila ajabu yoyote, kwa kweli, maana unga uliotapakaa majini una uso mwingi wa kukutana na rangi kuliko kioo kimoja. Ila kabla ya saa nane bluu ilikwisha, na unga ulipotuama maji yakabaki maji. Wanafunzi wakapiga makofi.

"Sampuli hii aliitayarisha nani?"

"Mama mukubwa."

Prof akaandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

Usiku ule nikaotesha tena, na juu ya sahani nikaweka karatasi ya herufi kubwa: USIOSHE. Asubuhi nikaikuta karatasi imekunjwa vizuri pembeni, na jiko zima linanukia ndimu.