Simbilisi wa Watu

Kifo chake nilikipata kwa kikaratasi. Cha njano, chenye gundi, kimebandikwa mlangoni kwangu kwa mwandiko uliopangwa vizuri: asante sana kwa yote, hakuna haja tena ya kuja mchana, ufunguo tafadhali uweke kwenye sanduku letu la barua. Jina lake halikutajwa, wala neno kufa. Nilisimama na begi la kazini begani nikakisoma mara ya pili, nikidhani labda amepona.

Flöckli alikuwa simbilisi. Ni yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye kwetu wapo wanaomwita pimbi, na pimbi wa kweli, yule wa kwenye majabali, hata undugu wa karibu naye hana. Majina yamemwonea kila mahali. Wajerumani wanamwita nguruwe mdogo wa baharini, Waingereza nguruwe wa Guinea, na maskini si nguruwe, baharini hatoki, Guinea hatoki. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mimi nilikutana naye Basel, Uswisi, ghorofa ya tatu, ndani ya kizimba cha binti wa jirani.

Hakuwa wangu. Ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Simbilisi ana meno 20, na yote hayaachi kukua maisha yake yote. Asipotafuna majani makavu ya kutosha, au taya likipinda kidogo tu, magego yanarefuka na kuinama juu ya ulimi kama daraja, akawa anaona chakula na hawezi kumeza. Ndivyo ilivyomkuta Flöckli akiwa na miaka sita, umri wa bibi kizee kwa kiumbe anayeishi kati ya mitano na minane. Daktari wa wanyama alimpa dawa ya usingizi akayapunguza magego, lakini tumbo lilikuwa limekwisha kuzoea kulala. Na tumbo la simbilisi halitakiwi kulala. Likikaa siku nzima bila kupitisha kitu linasimama, na likisimama kulianzisha tena ni kazi ngumu. Kwa hiyo alishwe uji wa dawa kwa bomba la sindano, kila baada ya saa chache, mchana na usiku.

Mama wa nyumba anafanya kazi mchana. Baba anafanya kazi mji mwingine. Binti ana miaka tisa, yuko shule. Mimi niko zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo saa nane mchana nipo. Wakaniuliza kwa adabu kubwa kama ningeweza. Nikasema naweza. Nilivyodhani, ni siku mbili tatu. Zikawa 11.

Nieleze kazi yenyewe, maana anayecheka hajawahi kuifanya. Unamfunga taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kikiwa nje. Bomba huliingizi kwa mbele, kwa sababu mbele kuna meno manne ya kukata. Unapita pembeni, kwenye lile pengo kati ya meno ya mbele na magego, unasukuma tone, unangoja. Taya likianza kusaga, unasukuma tone jingine. Ukiwa na haraka uji unaingia mapafuni, na utakuwa umemuua wewe. Bomba moja dogo linaweza kuchukua robo saa. Ndani ya hiyo robo saa huna pa kutazama isipokuwa yeye, na nilimtazama hadi nikahesabu vidole vyake: vinne kila mguu wa mbele, vitatu kila mguu wa nyuma. Siku ya kwanza alinitemea uji wote kwenye shati. Siku ya tano, nikiwa bado nahangaika na ufunguo mlangoni, nikasikia kutoka ndani ule mluzi wao mwembamba wa kuita. Ananiita mimi. Niwaambieni ukweli, katika jengo hili nimeishi miaka saba na hakuna aliyekuwa amewahi kufurahia kusikia mlango wangu.

Baada ya kumlisha nampima kwenye mizani ya jikoni. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, ugonjwa anauficha hadi hawezi tena, kwa hiyo ukweli unausoma kwenye gramu. Kulikuwa na daftari. Gramu 940, 925, 931 (siku hiyo nilipanda ngazi nikiimba), 902, 880. Waswisi wanaandika tarakimu 1 yenye mkono mrefu kama mwavuli uliofungwa, na 1 zangu za kijiti zilimchanganya binti. Siku moja nikakuta amezizungushia duara zote na kuniandikia pembeni namna sahihi.

Siku ya kumi niliona anapumua kwa ubavu, mbavu zinaingia na kutoka. Nikapiga simu kwa daktari. Sauti ya upole ikaniuliza: wewe ndiye mwenye mnyama? Nikasema mimi ni jirani. Basi tafadhali mwambie mwenye mnyama atupigie. Siwalaumu, ndivyo inavyopaswa kuwa, hata mimi kazini siwezi kumweleza mtu baki hali ya mzee wa watu. Lakini nilikaa sakafuni na mnyama aliyefungwa taulo mapajani, nikituma ujumbe kwa mama aliyekuwa kikaoni, na nikaelewa vizuri sana mahali pangu ni wapi. Kesho yake ndiyo nikakuta kikaratasi.

Sasa niseme ninachotaka kusema kuhusu huku na nyumbani.

Sitaki kusema wazungu hawana huruma. Hiyo ni hadithi tunayopeana tukiwa na hamu ya kwetu. Nchi hii imekwenda mbali kwa ajili ya wanyama kuliko nchi nyingi. Tangu mwaka 2003 sheria yao ya raia inasema wazi kwamba mnyama si kitu. Kanuni za ulinzi wa wanyama zilizoanza kutumika 1 Septemba 2008 zinataka simbilisi awe na mwenzake, kwa kuwa ni mnyama wa kundi na upweke unamtesa. Mwenzake akifa, wapo watu wanaoazimisha simbilisi ili aliyebaki asikae peke yake. Mimi nimekaa peke yangu nchini humu miaka saba na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Kuhusu hilo la mnyama kutokuwa kitu, niliposoma nilitabasamu kidogo. Kiswahili hakikungoja bunge. Simbilisi amelala, simbilisi ameamka, simbilisi wangu, simbilisi huyu: sarufi imemkalisha benchi moja na mtu siku zote. Kijerumani kimemweka kwenye kundi la vitu, pamoja na nyumba na kisu, ingawa kwa haki kundi hilohilo limemchukua na msichana, kwa hiyo sijui nibishe nini. Lakini ona ajabu yetu. Tuliompa mnyama sarufi ya mtu hatukumpa kilio cha mtu. Akifa tunasema amekufa. Kufariki ni kwa binadamu. Nilipompigia dada yangu simu nilitaka kusema amefariki, nikaumeza ulimi.

Dada alicheka. Si kwa ubaya. Alicheka hadi akakohoa, kisha akanitumia ujumbe wa sauti ili acheke vizuri zaidi: "Yaani huko umekosa watu wa kuwalilia?" Nami ningecheka mwaka wa kwanza. Nimekulia mahali ambapo mbwa akifa mtoto anaambiwa usilie, tutaleta mwingine, na kweli analetwa mwingine na anapewa jina lilelile. Machozi ya mtoto yalikuwa hesabu ndogo iliyofungwa kabla ya jioni. Nadhani tulikosea. Sijui kama waliotuambia hivyo hawakuhuzunika, au na wao waliambiwa hivyohivyo.

Huku, kinyume chake, huzuni ya mnyama ina heshima. Bosi anaielewa. Kuna makaburi ya wanyama, kuna kadi za rambirambi dukani zenye picha ya unyayo. Ila ina mwenyewe. Kila kitu huku kina mwenyewe: siku ya kutumia mashine ya kufulia chini kwenye handaki ina mwenyewe, sehemu ya kuegesha baiskeli ina mwenyewe, na huzuni nayo ina jina mlangoni. Hata sheria imeandika hivyo. Mnyama wa nyumbani akiuawa, hakimu anaweza kuangalia thamani ya mapenzi aliyokuwa nayo kwa mfugaji wake au kwa ndugu wa mfugaji. Mfugaji, ndugu. Nilisoma kile kifungu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Jirani mwenye bomba hayumo.

Nyumbani hakuna anayekuuliza marehemu alikuwa nani kwako kabla hujaketi. Umefika, umekaa, wewe ni wa msiba. Nimewahi kukaa siku tatu kwenye msiba wa mtu ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili, na nilipoondoka nikapewa pole mimi. Wakati mwingine inachosha, wakati mwingine watu wanakuja kuona nani hakuja. Lakini mlango uko wazi. Tatizo ni kwamba usingefunguliwa kwa simbilisi. Kwa hiyo kule ningekuwa na watu bila msiba, na huku msiba ulikuwepo, ghorofa moja tu juu yangu, na sikualikwa.

Kuna rafiki, Mtanzania mwenzangu, aliyeniambia kwa sauti ya mshauri kwamba sikumlilia simbilisi. Kwamba nawalilia wazee wote ninaowaogesha na kuwalisha kwa kijiko, ambao wakifa tunawasha mshumaa kwenye korido na Jumatatu kitanda kina mtu mwingine. Maelezo mazuri, na watu wanayapenda kwa sababu yanamwondoa mnyama. Hapana. Wazee wangu nawalilia kwa zamu yao. Huyu nilimlilia yeye, mwenye vidole 14 na doa jeupe kati ya macho, aliyekuwa akimaliza bomba anaulaza utosi wake chini ya kidevu changu na kutoa mngurumo mdogo unaousikia kwa mfupa kuliko kwa sikio.

Mama yangu hakucheka. Alisikiliza, akasema, "Pole mwanangu. Aliumwa siku nyingi?" Nikamwambia siku 11. Akauliza alikuwa anakula nini, nikamweleza bomba na taulo, akasema ehee, ehee, kama anayesikiliza habari za mgonjwa yeyote. Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa watu anaendeleaje?"

Nilinyamaza. Siku nne zilikuwa zimepita. Ufunguo nilikuwa nimeutia kwenye sanduku la barua usiku, ili nisikutane na mtu. Nilikuwa nimechukia kikaratasi, nimesoma vifungu vya sheria, nimetunga kichwani nusu ya malalamiko haya mnayoyasoma, nikingoja mtu ashuke ngazi aje kunipa pole. Kupanda sikuwa nimepanda. Mimi niliyelelewa kwamba msiba unaendewa, haungojwi, nilikuwa nimekaa nyumbani kama Mswisi.

Jumapili nikamkuta mama wa binti kwenye ngazi na kapu la nguo, ingawa Jumapili hairuhusiwi kufua, kwa hiyo na yeye alikuwa anajificha. Tukasalimiana. Nikamwuliza habari za binti. Akasema bado analala na lile taulo, na kwamba Mokka, aliyebaki, haombi chakula, anakaa kona moja. Wiki ijayo ataletwa mwenzake wa kuazima. Akasema walitaka kunigongea, wakaona nimechoka na kazi, wasinisumbue. Ndiyo sababu ya kikaratasi. Kwao ilikuwa ni adabu.

Nikatafuta la kumwambia. Kijerumani changu kina maneno mawili hapo. Moja ni la kaburini, zito mno, lingemfanya acheke au alie. Jingine ni lile la kusikitika, ambalo ukilisema peke yake linakaa kama unaomba radhi, na mimi sikuwa nimekosa. Au labda nilikuwa nimekosa. Basi nikasema, "Pole."

Akauliza maana yake. Nikasema ni neno letu. Unamwambia aliyefiwa. Unamwambia pia aliyejikwaa, na mwenye mafua, na aliyetoka safari, na aliyebeba mzigo. Akatazama kapu lake. Akauliza: kwa hiyo inamaanisha unajua ni kosa la nani? Hapana, nikasema, halina kosa ndani yake. Akauliza: basi anayeambiwa hujibu nini? Nikamwambia hujibu asante, au hujibu tumeshapoa, na hapo nikakwama, kwa sababu kupoa kwa Kijerumani ni kwa supu. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulieleza taa ya ngazi ilipojizima, kama inavyojizima kila baada ya dakika tatu, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuiwasha.