Khanga Sita za Mtu wa Kilo Tatu

Orodha ya vifaa vya kujifungulia tuliyopewa kliniki ilianza vizuri. Glovu, sawa. Pamba, wembe, kibanio cha kitovu, beseni, mpira wa kutandika kitandani, sawa kabisa. Nikawa natingisha kichwa kama mtu anayeelewa anachosoma. Halafu jicho likatua kwenye khanga: doti 3.

Doti ni vipande viwili, hilo hata mimi nalijua. Doti 3 ni khanga 6. Nikamuuliza mke wangu, "Anayekuja ni mtoto au kwaya?"

Hakucheka. Akanihesabia kwa vidole. Moja ya kutandika pale leba. Moja ya kumpokelea mtoto, maana anatoka chepechepe, wanamkausha nayo kisha inawekwa kando. Nyingine kavu ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama yake, asipigwe na baridi. Moja ya kumfunga vizuri baadaye. Moja ya mama mwenyewe kujitanda. Na ya sita? Ya akiba, akikojoa.

Baridi! Dar es Salaam hii, mwezi wa pili, mimi nikikaa tu kwenye bajaji fulana inakamulika, halafu kuna mtu anaingia mjini na hofu ya baridi. Na mtu mwenyewe alipofika alikuwa na kilo 3 na gramu 200. Mimi nina kilo 84, na taulo ninalomiliki ni moja, lenye tundu katikati.

Basi nikaenda Mtaa wa Uhuru. Khanga zimening'inizwa toka juu mpaka chini, huoni hata ukuta. Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unataka ya jina gani?" Nikamjibu jina bado hatujampa, ngoja azaliwe kwanza. Duka zima likaangua kicheko. Kumbe anauliza jina la khanga, yale maneno yanayoandikwa pale chini, kabla hujafika kwenye pindo. Kwa aibu nikachagua haraka haraka, kwa rangi tu.

Mama mkwe alikuwa ameshawasili kutoka Tanga kwa ajili ya uzazi. Akavaa miwani, akafungua doti ya kwanza, akasoma taratibu kama karani wa mahakama: "Hasidi hana sababu." Akaikunja. Akanitazama. "Hii umemkusudia nani, baba?"

Nikaapa sijamkusudia mtu. Akafungua ya pili: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Ndugu zangu, hiyo ndiyo nilitaka mwanangu apokelewe nayo mbele ya manesi. Ya tatu ilinusurika, "Wema hauozi", lakini kwa wakati huo hakuna aliyekuwa anasikiliza tena.

Nikadhani yameisha. Wapi! Mama akaishika ile ya wema kwa vidole viwili, akaikunjua, ikabaki imesimama yenyewe. Wanga mtupu. "Mtoto hapokelewi kwa turubai," akasema. Kwanza zikatwe, ziende kwa fundi zikakunjwe pindo, ziloweshwe na chumvi rangi isichuje, zifuliwe mara mbili tatu ndipo zifae. Tena kwa ngozi changa hakuna kinachoishinda khanga kuukuu iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa. Akamgeukia binti yake. "Ile yako ya bluu ya wakati wa harusi iko wapi?"

Mke wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Ile ya bluu ilikuwa chini ya siti ya bajaji. Niliigeuza tambara tangu mwaka jana. Na sitaki kusema uongo, kwenye kioo khanga kuukuu haina mpinzani, inafuta vumbi, inafuta oili, na haiachi nyuzi hata moja. Lakini jambo kama hilo unamwelezaje mkwe? Nikakohoa, nikasema itakuwa ilipotea wakati wa kuhama.

Hatujawahi kuhama.

Sasa bwana mdogo ana wiki ya tano. Tunaishi chumba na sebule. Chumba ni cha mama, mtoto na bibi, sebule ni yangu mimi na kochi. Na zile khanga 6 zimeshaongezeka, maana kila anayekuja kutoa hongera analeta doti na mche wa sabuni. Juzi nilihesabu 14 kwenye kamba. Shati langu lilikuwa limefuliwa siku hiyo hiyo, nikalikuta limeanikwa juu ya mti wa mpapai.

Lakini jaribu kutafuta moja tu isiyo na kazi. Kuna ya kumfungia asishtuke usingizini. Kuna ya begani kwa bibi, ya kucheulia. Kuna inayotoka naye kwenda kliniki: barabarani ni mwavuli wake, kwenye daladala mama anajifunika nayo akimnyonyesha, wakifika kwenye benchi inakuwa kitanda, na wakirudi imegeuka furushi la vilivyolowa. Khanga moja, ajira nne kwa asubuhi moja, na haijalalamika. Maji yakikatika, inakunjwa kata, ndoo inapanda kichwani. Uji wa pilipili manga ukichemka, inaepulia sufuria. Umeme ukikatika usiku, bibi anashika ncha mbili anampepea mjukuu, na upepo wenyewe hauvuki mlango, unaishia kwake tu.

Nyingine imefungwa tumboni kwa mke wangu, kumkaza. Wanaiita mkaja. Sasa hapo ndipo ninapotaka kuelewa. Mkaja wakati wa mahari si nililipia? Mkaja wa mama na ubeleko wa mama, vilitajwa vyote, na mimi nikatoa pesa taslimu ndani ya bahasha, mzee mmoja akahesabu mara mbili huku akilamba kidole. Leo mkaja umerudi tena, kwa khanga niliyonunua mimi. Sijamuuliza mtu. Nasema tu.

Halafu kuna vituko vya usiku. Wiki ya kwanza nimepitiwa na usingizi, nasikia mama mkwe anapaza sauti chumbani, "Jamani mume wangu kalowa, leteni khanga!" Niliruka pale kwenye kochi nikawasha taa, natafuta viatu nikampokee baba mkwe. Nilijua mzee katoka Tanga usiku huo huo na mvua imemkuta stendi. Kumbe mume mwenyewe ni huyu mwanangu, kalowa kwa maji yake mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni la taulo. Siku moja natoka kuoga, taulo halipo. Nimelitafuta, nikaliona chini ya beseni la mtoto, limewekwa ili beseni lisiteleze. Nikaona isiwe taabu, nikachomoa khanga moja kwenye kamba nikajifuta mgongo. Mke wangu akapiga ukelele: "Hiyo ya uso!"

Uso wa nani? Wa mtoto. Mnajua kwamba ana ya uso, ana ya mwili, na ana ya huko nyuma, na haziingiliani? Mtu hana hata jino. Ile khanga ilichukuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa juani, ikapigwa pasi pande zote mbili kwa sababu imeguswa na mgongo wa baba mzazi. Mimi nikakauka kwa upepo, nyuma ya mlango.

Nikasema potelea mbali, angalau ninalo tambara langu. Jumamosi asubuhi natoka kuosha bajaji, naingiza mkono chini ya siti. Hakuna. Nikapekua kila mahali, mpaka kwenye boksi la spana. Hakuna.

Nikaingia ndani. Mama mkwe kakaa kwenye kochi, yaani kitandani kwangu, mjukuu kamweka begani. Na pale begani, chini ya kidevu cha mtoto, kuna kipande cha khanga ya bluu. Kimechemshwa mpaka kimerudi rangi. Kimepigwa pasi. Vingine vitatu vya saizi hiyo hiyo vimepangwa pembeni yake, vimekunjwa pindo kwa mkono, sindano bado imechomekwa kwenye cha mwisho.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia alfajiri.

"Marahaba, baba." Akampigapiga mtoto mgongoni. "Ile ya bluu imepatikana."

Nikanyamaza.

"Ile iliyopotea wakati wa kuhama," akamalizia, na bwana mdogo akacheua juu yake, taratibu, kwa raha zake.

Nikarudi nje, nikavua fulana, nikafuta kioo. Imeacha nyuzi kioo kizima.